Glasi Mbili za Denver

Jumatano

Shemeji katua saa tisa alasiri, Terminal 3, na mabegi mawili na kofia pana ambayo hapa Dar huvaliwa na watalii na wavuvi tu. Kabla hajauliza hali ya mama yake, akafungua begi dogo palepale kwenye maegesho, akatoa soksi mbili nene za baridi. Ndani ya kila soksi, glasi.

"Unazikumbuka?"

Nilizikumbuka. Ni glasi ndogo, hazizidi sana kikombe cha kahawa ya kijiweni. Maandishi yamefutika kwa kuoshwa, imebaki "92" na kipande cha mlima. Tulizipata Denver mwaka 1992 kwenye Great American Beer Festival, tamasha la bia la Marekani, tukiwa vijana wawili wa Kitanzania wenye viatu vibaya na hamu ya kila kitu. Ya kwangu nilidhani ilipotea wakati nahama. Kumbe alikuwa nayo yeye miaka yote hiyo, na hakuwahi kusema.

Nieleze kidogo, maana bila hapo safari yenyewe itaonekana ya walevi. Tulikuwa tunasoma Fort Collins, Colorado, mji ambao hadi 1969 haukuruhusu pombe kuuzwa, na sisi tulipofika 1991 ulikuwa umepagawa na bia. Odell, kiwanda kidogo cha bia, walikuwa wameanza 1989 ndani ya ghala la nafaka la tangu 1915. New Belgium walianza mwaka uleule tuliofika, kwenye chumba cha chini ya nyumba ya mtu na mkewe, Jeff Lebesch na Kim Jordan, na bia mama huyo anaisambaza kwa gari la familia. Upande wa Boulder kulikuwa na wenzao waliotangulia, mwaka 1979, wao walianzia kwenye banda la mbuzi. Si mfano huo, ni banda la mbuzi kweli. Sisi wawili tukapata kibarua kwenye kiwanda kingine kidogo, sikitaji, cha kuosha mapipa na kuzoa machicha, yale mabaki ya nafaka iliyokwisha kukamuliwa. Mshahara ulikuwa wa kununulia mkate. Ila kila jioni mpishi mwenyewe alikuwa anatumiminia nusu glasi, anaegemea kaunta na kutuuliza, "Mnaonaje?" Halafu anangoja. Mwenye kiwanda anangoja jibu la waosha mapipa.

Kwangu mimi ujana wote wa bia zile uko hapo kwenye kungoja kwake.

Mimi nikarudi nyumbani, shemeji akabaki na baadaye akamwoa mdogo wangu. Julai 2023, kiwanda cha Anchor cha San Francisco kilipotangaza kufunga, alinipigia simu usiku wa manane kama mtu aliyefiwa. Kiwanda cha tangu 1896, ambacho Fritz Maytag alikinunua 1965 kikiwa mahututi akakifufua, na wengine wote wakajifunza kwake. "Sasa huku," akaniambia, "unaagizia kwenye simu, namba yako inaitwa, hujui hata nani amepika." Ndiyo akapanga kuja. Anataka wiki nzima, kila siku kinywaji kimoja cha Dar, tunywe pale kinapopikwa na aliyekipika awepo. Amenunua na daftari. Masharti: kila mmoja aandike maneno matatu kwa kila kinywaji, bila kuchungulia ya mwenzake.

Mama watoto akasikiliza mpango wote akichambua mchicha. "Wanaume wa miaka hamsini na kitu," akasema, "na daftari la pombe." Akaingia ndani.

Alhamisi

Ilala. Shemeji alitaka kuanza kwa kunusa. Mtu aliyekulia Mchikichini, kando ya barabara ya Uhuru, anajua siku kiwanda kinapika: mtaa mzima unanuka kimea, kitu kati ya mkate unaoiva na togwa ambayo haijapoa. Wenyeji hawaisikii tena. Sisi tulisimama kando ya barabara tumefumba macho, mpaka muuza mahindi akatuuliza tunamsubiri nani.

Hiki si kiwanda kidogo na shemeji alilijua hilo. Bia ilianza kupikwa Dar mwaka 1933 kwa jina la Tanganyika Breweries. Baada ya Azimio la Arusha serikali ikaingiza mkono, na 1993 wakaja makaburu kwa ubia. Baba yangu alikuwa na maneno yake kuhusu miaka ya 1980, bia ilipokuwa ya kutafutwa kama sukari na kujuana na meneja wa baa lilikuwa jambo la heshima. Kwa hiyo sisi hatukuwa na simanzi ya Wamarekani ya kuchoka bia za viwanda vikubwa. Wenzetu kufikia mwisho wa miaka ya 1970 walikuwa na viwanda visivyofika 100 nchi nzima, vyote karibu vinapika kitu kilekile cha rangi ya majani makavu, ndipo vichaa wakaanza kupika mabandani. Sisi tulikuwa tunashukuru ikipatikana.

Cha kunichekesha ni machicha. Lori lililobeba machicha mabichi lilipita, linadondosha maji barabarani, linawapelekea watu wenye ng'ombe na nguruwe pembezoni mwa mji. Shemeji akalifuata kwa macho mpaka likapotea. Kule Fort Collins alikuwa anakuja mzee mfugaji na pikapu, na sisi ndio tulikuwa tunampakilia kwa koleo, moshi unafuka kwenye theluji. Mimi mikono ilikuwa inanuka uji hata darasani.

Jioni tukakaa kwenye baa ya kawaida kabisa, viti vya plastiki, mishkaki nje. Mhudumu akaja na swali ambalo shemeji alilisahau kwamba lipo duniani.

"Ya moto au ya baridi?"

Alicheka mpaka akavua miwani. Kwa wasioishi hapa: ya moto ni ile iliyotoka kwenye kreti moja kwa moja, haijaonana na friji. Waingereza walianzisha chama kizima mwaka 1971, CAMRA, kutetea bia yao ya asili inayoishi ndani ya pipa na kunywewa ikiwa na ubaridi wa chumba cha chini tu, nyuzi 11 mpaka 13 hivi. Wazee wa Ilala wanatetea yao ya nyuzi 28 bila chama. Na wana hoja, kwa sababu ubaridi unaufisha ulimi. Shemeji akaagiza zote mbili za aina moja, akazimimina kwenye zile glasi mbili, akanusa, akaonja, akanusa tena. Meza ya jirani walidhani anapima sumu.

Daftari lake, ya baridi: maji, safi, kiu. Ya moto: mahindi, mkate, babu.

Nilimwambia "babu" si ladha. Akasema nionje tena. Nikaonja. Ni babu.

Ijumaa

Ubungo, chibuku. Siku fupi kwa sababu ya foleni na kwa sababu shemeji hakuipenda. Pombe ya mahindi na mtama, nzito, bado inachacha ndani ya pakiti ndiyo maana unaitikisa kwanza na kufungua kwa adabu. Nilichokipenda mimi ni jina. Inasimuliwa kwamba miaka ya 1950, kule Kitwe kwenye Zambia ya leo, mtu aitwaye Max Heinrich alikuwa anapika pombe hii na kuandika maoni ya wanywaji kwenye daftari lake, kila pishi na yaliyosemwa juu yake. Watu wakaiita pombe ya kitabu. Chibuku.

Nilipomwambia hivyo shemeji akalitazama daftari lake kwa muda. Kisha akaiomba tena pakiti, akanywa funda la pili kwa heshima. Maneno yake matatu hayakubadilika: chachu, unga, hapana.

Jumamosi

Mwendokasi hadi Kimara mwisho, bodaboda hadi mteremko wa vumbi, kisha kwa miguu nyuma ya nyumba yenye geti la kijani. Huwezi kupaona kama hujaelekezwa. Bati, mabenchi manne, sakafu ya saruji iliyopasuka, na Mama mwenyewe kasimama juu ya pipa la bluu na mwiko mrefu kama kasia. Wateja wote wanaitana mangi, hata ambaye ukimwangalia unajua ni mtu wa Lindi.

Mama akatukaribisha, akachota mbege kwa kata, akanywa kwanza yeye mbele yetu, ndipo akatupa sisi. Ndiyo desturi, ujue hujawekewa kitu. Shemeji akanong'ona kwamba mpishi wetu kule naye alikuwa hanywishi mtu kabla ya kuonja. Nikamwambia sababu zao zilikuwa tofauti kidogo.

Hapa ndipo tulipokaa kwa saa nne nzima. Mama aliona daftari akauliza la nini, tulipomwambia akakaa chini, akafuta mikono, akatueleza kama anayesoma somo. Ndizi zilizoiva zinachemshwa mpaka ziwe nyekundu, zinaachwa siku kadhaa, zinakamuliwa na kuchujwa. Pembeni ulezi umelowekwa, umeota, umeanikwa, umesagwa, umepikwa uji. Uji ukipoa unakutanishwa na maji ya ndizi, kesho yake inachemka yenyewe bila moto. Na gome la msesewe, kidogo tu, la kutia uchungu. "Ukizidisha," Mama akasema, "utakunywa dawa ya malaria."

Shemeji alikuwa anaandika haraka mno, maneno matatu kayasahau. Kwa sababu hilo ndilo somo tulilofundishwa na mpishi wa Fort Collins kwa wiki nzima, tena kwa ubao. Kuotesha shayiri ni kuidanganya. Punje inaamini inakwenda kuwa mmea, inafungua ghala lake na kutoa vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari, na hapo unaikausha, unaichukulia sukari yake. Mama anamdanganya ulezi hivyohivyo. Na msesewe unasimama mahali pa hopsi, maua ya uchungu ya wazungu: unakata utamu, usichoke na kikombe cha tatu. Kule wanabishana hadi usiku kuhusu kiasi cha uchungu. Mama anapima kwa kiganja.

Akamaliza kueleza, akatutazama. "Haya, mnasemaje? Ya leo imekaaje?"

Nikaona shemeji kashtuka kidogo. Akasema imekaa vizuri sana, ila ni nzito, utamu wa ndizi unakuja mwishoni. Mama akatikisa kichwa. "Ndizi za wiki hii ziliiva kupita. Nilijua mtasema."

Basi ni katika kurudisha glasi mezani ndipo ilipomponyoka. Ya kwangu, si ya kwake. Ikaanguka kwenye saruji, paa! na shemeji, bila kufikiri, akanyanyua mikono yote miwili akapiga ukelele mrefu: "Oooooooh!"

Kilabu kizima kimya. Kuku mmoja akaondoka.

Kule Denver ndivyo ilivyokuwa. Ukumbi ulikuwa na maelfu ya watu, kila mmoja na glasi yake, wengine wamevaa shanga za biskuti za chumvi shingoni ili wasilewe na njaa. Unapomiminiwa ni tone tu, wakia moja, kama mililita 30, unakwenda meza ya pili. Na kila glasi ikivunjika, ukumbi mzima ulikuwa unapiga ukelele ule, kama uwanja wa Taifa goli likiingia. Mwaka wetu ulivunja masikio. Tamasha lilianzia Boulder 1982 na watu kama 800 hivi, baadaye likahamia Denver. Jioni ileile ya 1992 tulikwenda kukaa Wynkoop, baa ya kupika bia iliyofunguliwa 1988 na mtaalamu wa miamba aliyepoteza kazi ya mafuta, John Hickenlooper. Alikuja kuwa meya, kisha gavana, sasa seneta. Nikifikiria mwenye baa wa Sinza anavyohangaika na leseni yake, nacheka peke yangu.

Hayo yote huwezi kumweleza mzee wa Kimara aliyeshika bakuli. Mama akachukua ufagio. "Pole, baba," akamwambia shemeji taratibu, kama mtu anayemsemesha mgonjwa, akazoa vioo, akamletea kikombe cha plastiki.

Tuliondoka na dumu la lita tano la mbege. Dumu lake mwenyewe, lenye mfuniko mwekundu, kwa ahadi ya kulirudisha.

Jumapili

Kanisa, kisha kumsalimu mama mkwe wa dada Temeke, wali na nyama, picha. Hatukunywa.

Usiku saa nane kukasikika mlipuko jikoni. Nilikuwa nimelibana mfuniko mpaka mwisho na kulitia dumu kwenye friji, nikijiona mjanja. Nimeosha mapipa ya bia mwaka mzima wa maisha yangu, nikasahau kwamba kinachochacha kinahitaji kupumua. Mbege juu ya mayai, mbege ndani ya droo la mboga, mbege darini. Mama watoto alisimama mlangoni na kanga, hakusema neno, akarudi kulala. Afadhali angesema.

Mfuniko hatukuuona.

Jumatatu

Pantoni ya kwanza kwenda Kigamboni, kwa sababu mnazi haungoji mtu. Magogoni alfajiri kuna harufu ya samaki na dizeli na chapati, na watu wanakimbia kana kwamba upande wa pili wanagawa viwanja. Bajaji ikatufikisha mbele ya Mjimwema, tukatembea mpaka kwenye minazi.

Mgema alikuwa ameshapanda. Tulimwona kwa miguu tu, nyayo zimekaza kwenye vikato vya shina. Juu kule anakata kwa kotama ncha ya karara ambalo bado halijafunguka, kipande chembamba kama ukucha, asubuhi na jioni, kila siku, la sivyo kidonda kinapona na mnazi unanyamaza. Maji yanadondoka kwenye kibuyu, siku hizi chupa ya plastiki iliyokatwa. Hamira haitiwi, iko hewani na kwenye kibuyu kile cha jana.

Akashuka, akatusalimia, akatumiminia kwenye glasi moja iliyobaki. Saa moja asubuhi ni tamu, nyeupe kama maji ya mchele, viputo vidogo. Akatuambia tungoje. Tukangoja, yeye akaenda minazi mingine. Saa nne tukaonja ileile: utamu umekwenda nusu, ukali umeingia, ulimi unawasha pembeni. Saa saba ilikuwa kinywaji kingine kabisa. Shemeji akaandika mara tatu kwenye ukurasa mmoja na saa pembeni. Kule Marekani, alisema, watu wanalipa pesa nyingi kuonja bia moja ya miaka mitatu tofauti ili waone wakati unavyofanya kazi. Hapa wakati unafanya kazi yake mbele yako kabla ya chakula cha mchana. Na mnazi ukiuacha hadi kesho unapata siki ya kachumbari.

Tulimsifu mgema, tukamsifu sana. Akacheka akasema, "Msinisifu, nitatia maji." Methali hiyo nimeisoma shuleni, nimeitumia ofisini, sikuwahi kuisikia kutoka kwa mwenyewe.

Mnazi mzima tuliobeba kwenda nyumbani ulikuwa lita mbili. Safari hii nikalegeza mfuniko.

Jumanne

Nilikuwa naiogopa siku hii. Masaki kuna baa inayopika bia yake yenyewe, matangi ya chuma yanang'aa nyuma ya kioo, na nilihofia shemeji atakuta kilekile alichokikimbia. Mwanzoni ikawa hivyo. Menyu imeandikwa kwa chaki, muziki juu, vijana wa maofisini wanapiga picha chakula. Bei ya glasi moja, Sinza unapata chupa mbili na mishkaki. Wakatuletea ubao wenye vitobo vitano na glasi tano ndogo, za rangi tano, kuanzia majani makavu mpaka kahawa. Shemeji akazitazama kama picha za watoto wake.

Kisha akamwita mhudumu. "Mdogo wangu, tunaweza kumwona aliyepika?"

Msichana akabadilika uso. "Kuna tatizo na bia, mzee?"

Tukamtuliza. Baada ya dakika kumi akatoka kijana wa miaka kama thelathini, buti za mpira, mkono wa kushoto una kovu la mvuke. "Shikamooni." Akataka kusimama, tukamkalisha. Mara ya kwanza kuulizwa na mteja, alituambia, wengi huuliza kama kuna bia za kawaida.

Alitueleza shida zake na macho yake yalikuwa yanacheka. Maji ya kisima yana chumvi, lazima ayasafishe ndipo ayajenge upya. Umeme ukikatika usiku anaamka kuja kuangalia joto la matangi. Kimea na hopsi vinakuja na meli. Hopsi haikubali kuota Dar, inataka siku ndefu za kiangazi cha mbali na ikweta. Hata Afrika Kusini wanaipata kwa shida upande wa George, kwa mbegu walizozizalisha kwa ajili ya jua lao. Akaenda akarudi na mfuko wa karatasi ya fedha, akatufungulia. Ndani kuna punje za kijani zilizokandamizwa, ungedhani chakula cha kuku. Ukisugua mbili kiganjani, balungi, majani mabichi, utomvu wa msonobari.

"Cascade," shemeji akasema kabla ya kusoma.

Ni aina ya hopsi. Harufu hii ilitoka Oregon mwanzoni mwa miaka ya 1970, Anchor wakaitia kwenye bia yao ya Liberty Ale mwaka 1975, kiwanda cha Sierra Nevada wakaifanya ijulikane baada ya 1980. Lakini kwangu ilikuwa jaketi langu la kibarua, lile nililoliacha Fort Collins kwa sababu halikuingia kwenye begi. Niliinamisha kiganja nikanusa tena. Sikutaka kuosha mikono.

Kijana akatusogezea glasi ya tatu, ya rangi ya shaba. Akaegemeza viwiko mezani.

"Hii ni pishi la wiki hii. Mnaionaje?"

Na akangoja. Hakuangalia simu.

Shemeji alichukua muda. Akanywa, akazungusha, akanywa. Nilimjua, alikuwa anatafuta namna ya kusema. "Nzuri, mdogo wangu. Ila ina samli kwa mbali."

Kijana akashusha pumzi. "Najua, mzee. Niliitoa mapema, kulikuwa na sherehe Ijumaa. Ingekaa siku mbili tatu zaidi, hamira yenyewe ingeula ule usamli." Kisha wakaanza kuzungumza nyuzi joto na masiku, mimi nikawaacha, nikamaliza glasi ya shaba. Usamli wenyewe sikuuona. Nimezeeka ulimi.

Jumatano

Uani kwetu Sinza, saa kumi na moja. Tuliwaita majirani sita, mwalimu mstaafu wa nyumba ya mbele, fundi wa friji (alikuwa ameshakuja kwa ajili ya ile ya mbege, akabaki), na mhudumu wa ile baa ya Ilala ambaye alikuwa zamu ya mapumziko. Vikombe vya plastiki vimebandikwa namba. Hakuna kuambiwa ni nini. Glasi ya Denver ilipita mkono kwa mkono kama kata, kila mtu anaonjea humo namba anayoipenda.

Tulikuwa na bia ya moto, bia ya baridi, mbege mabaki ambayo Mama watoto aliokoa kwenye sufuria, shaba ya Masaki, na chibuku kwa ajili ya haki. Mnazi ulikuwa umeshaingia kwenye kachumbari. Namba sita sikuijua mimi. Ilikuwepo tu mezani.

Utaratibu ulidumu dakika ishirini. Fundi wa friji aliandika "tamu" kwa kila kikombe mpaka alipofika chibuku akaandika "nyumbani". Mhudumu aliijua ya moto kwa kuigusa, akakataa kuionja, alisema hiyo ni kazi. Mwalimu akanusa kila kimoja kwa nukta ndefu, akasahihisha tahajia ya shemeji kwenye daftari, kisha akanyanyua namba sita. "Hii ndiyo bia. Hizi nyingine ni majaribio."

Mama watoto alikuwa anaanua nguo. "Hiyo ni togwa yangu, mwalimu."

Yeye ni wa Songea, hanywi pombe. Alikuwa ametia kimea cha ulezi kwenye uji wa mahindi usiku, bila kutuambia. Mwalimu hakutahayari, akaomba ya pili. Shemeji akampelekea mwenye togwa ile shaba ya Masaki, anuse tu, harufu haina dhambi. Akainusa, kanga begani, pini za nguo mdomoni. Akazitoa pini.

"Hii mmeitia samli?"

Shemeji alikaa chini.

Ijumaa

Shemeji aliondoka jana usiku. Glasi iliyobaki aliifunga tena kwenye soksi, akaifungua, akaiacha kabatini kwetu, kati ya vikombe vya chai. Daftari kaondoka nalo.

Leo asubuhi simu, namba ngeni. Ni Mama wa Kimara. Ameotesha ulezi mpya, Jumamosi anapika, ndizi za safari hii ni za kiasi. Nikamshukuru, nikasema nitajitahidi kuja.

"Na dumu langu?"

Nikamwambia lipo, zima kabisa.

"Na mfuniko?"

Niko Kariakoo sasa, tangu saa nne. Mifuniko ya bluu ipo, ya njano ipo. Nyekundu wananiambia nijaribu mtaa wa nyuma.